Aliyeingia Mitini Kerege

Basi letu lilipata pancha Kerege, tukashuka, na abiria wawili wakagombania asili ya msemo “kuingia mitini”.

“Ni wetu sisi watu wa Bagamoyo,” alisema mzee mmoja, akigonga bakora chini. “Tulivyokuwa tukikimbia kodi ya mkoloni!”

“Wapi, mzee wangu!” akadakia bwana wa Fukayosi. “Ni wetu Wakwere. Ukikutana na mama mkwe njiani, heshima ni kujificha porini apite.”

Tukamcheka mpaka machozi. Mara akatokea bibi mmoja na kikapu chake, akapanda basi.

“Mkwe wangu!” alinong’ona yule bwana. Kugeuka, hayupo, mikorosho inatikisika.

Gurudumu likafungwa, utingo akaita mpaka akachoka. Tukamwacha.

Mzee akasalimu amri: “Msemo ni wao. Hata kodi hatukuikimbia namna ile.”