Chai ya Mkaguzi

Yule afisa sijamsamehe, na chai aliyoinywa kwetu bado inaniuma. Alituma taarifa kwamba anakuja mtaani kwetu Levolosi kukagua nyumba yetu, ambayo ni ya serikali, ili apange kodi mpya. Mama akamwandalia kama mkwe: akapaka kuta rangi kwa pesa yake, akatandika vitambaa vya Krismasi kwenye makochi, akachemsha chai ya maziwa. Nikamwambia Mama kwamba mkaguzi si mgeni. Akanijibu kwamba kwao Machame hakuna mtu anayepokelewa kwenye uchafu.

Bwana yule alikunywa vikombe viwili, akasifu rangi, akaandika kwamba nyumba iko katika hali nzuri. Kodi ikapanda. Dari la jikoni linalovuja, ambalo tumeliandikia barua kwa dawati la malalamiko ya wapangaji mpaka tumechoka, hakulitazama.

Masika haya amerudi. Mama alimpokea kwa adabu ileile, akabeba kiti mwenyewe mpaka jikoni, akakiweka pale dari linapovuja.

“Karibu ukae, baba,” akamwambia. “Leo chai hakuna, ila maji yapo.”