Mahari ya Nguruwe

Mtunza mifupa wa makumbusho ana brashi ya kunyolea ambayo haijawahi kugusa kidevu chake. Kila asubuhi huitumia kupangusa taya la nguruwe wa kale, aina iliyotoweka duniani, mkubwa kama nyati. Hupita jino kwa jino, kwa adabu ya mtu anayemnyoa baba mkwe, kisha huvua kofia na kuliuliza, "Umelalaje, mzee?" Ulimini mwake l na r hubadilishana viti zinavyopenda. Ndiyo maana Kavugho, muuza vitenge wa Bukoto, alipomuuliza taya lilichimbwa wapi, alijibiwa, "Mahari yake hakuna anajua, mama."

Kavugho alicheka hadi kilemba kikalegea. "Kumbe hata nguruwe walitoleana mahari?"

Mtunza mifupa hakucheka. Alipuliza vumbi kwenye brashi, akalitazama taya kwa huruma. "Labda walitaka kubwa sana, mama. Ona sasa, wamekwisha wote."

Kavugho aliacha kucheka, akakaza kilemba. Jumamosi iliyopita alikuwa amewafukuza wazee waliokuja kumposa binti yake, kwa kuwa mbuzi walipungua wawili kwa kumi na wawili aliotaka. Akapekua mkoba, akatoa simu, akageukia ukuta. "Wale mbuzi," akanong'ona, "hata kumi wanatosha."