Mvua Sio Gari la Kunyonya Choo

Kuna siku moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na leo nikiona wingu linatoka upande wa Uganda naikumbuka tena. Hilo bomba ulilolaza kutoka choo cha ploti yako ya kupangisha mpaka mtoni, nimeliona. Kaa kwanza.

Nilikuwa kijana, nafua mashuka kwa lojingi moja hapa Malaba. Foleni ya malori ilikuwa imefika nje ya mji, madereva wamejaa vyumba vyote, wanakula, wanakunywa chai. Na chai ya siku hizo ilikuwa ya maziwa, si hii mnauziwa. Choo ni kimoja. Kikajaa.

Mwenye lojingi tulimwita Bosi Mnene. "Tungoje mvua," akasema. Wenye ploti wote walifanya hivyo: mvua ikishika, unafungua shimo, mtaro unabeba, mto unapeleka. Nani atajua?

Ikanyesha. Akafungua.

Asubuhi akaja Kukhu Nabwire, nyanya aliyeloweka mihogo yake huko chini mtoni. Akakuta Bosi anakunywa chai na madereva. Akamwaga kikapu chote cha hiyo mihogo mezani.

"Kukhu! Ni nini hii inanuka hivi?"

"Si ni yako? Imefika kwangu, nimekurudishia. Na ugali ulikula juzi, ulidhani mihogo yake ililowekwa wapi?"

Dereva mmoja akasukuma sahani. "Bosi, mimi nitalala kwa lori."

Kufika saa sita, vyumba vitupu. Kesho yake Bosi mwenyewe alikuwa anachimba shimo jipya, jasho likimtoka, na Kukhu amesimama hapo anamwambia, "Ongeza, bado fupi."

Sasa sikia. Mto huu haukuharibiwa na mtu mmoja mbaya. Mji umekua, mabomba ya majitaka hayajafika huku chini, na kila mtu anajenga vyumba kwanza, choo baadaye, halafu anaangalia mawingu. Wewe ng'oa hilo bomba leo, kabla haijanyesha. Chimba shimo kubwa, lijengee mawe na simiti, uite gari la kunyonya kabla halijajaa. Na kwa baraza la chifu, simama uulize kaunti mabomba yanafika lini. Utaweza. Wewe ni mtoto wa dada yangu, nakujua.

Mungu akujazie wapangaji, na mihogo ya jirani yako wa chini itoke mtoni ikiwa nyeupe.