Kibanio cha Nesi

Nesi wa zahanati yetu, huku Ileje, ana kibanio cheusi cha nywele kilichong'oka meno mawili. Mama akija kujifungua, nesi anakichomoa kichwani bila hata kutazama, anabania mapazia mawili yasiachane, maana chumba hakina mlango, na kwetu mkamwana haonekani mbele ya baba mkwe, naye mzee huyo kakaa pale pale nje kwenye benchi. Miaka mitatu tunaomba mlango wilayani! Juzi asubuhi, Gwantwa yuko ndani na uchungu, wakatuletea mkaguzi. Akamfokea nesi: "Nywele timutimu kazini?" Akakinyakua kibanio paziani, akamtupia. Nesi akayadaka mapazia, akamkabidhi yeye. "Haya, mkuu, geukia huko, ushikilie mpaka mtoto atoke." Alishikilia mpaka saa nane mchana. Mlango hatujauona mpaka leo.