Saini ya Mma Rampa

Onalenna Kebadire alikuwa ofisa wa hakimiliki katika maktaba ya chuo kimoja jijini Gaborone, na kwa miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kugonga mlango wake kwa furaha. Kazi yake ilikuwa kukagua kila kitu ambacho wahadhiri walipakia kwenye tovuti ya masomo. Sura moja ya kitabu aliiacha; kitabu kizima alikiondoa. Wenzake walimwita Polisi. Akiingia chumba cha chai, mazungumzo yalififia, kwa hiyo alikwishazoea kula magwinya, maandazi yake ya kukaanga, mezani pake, mlango umefungwa. Nyumbani nako, tangu mumewe ahamie Francistown kwa mwanamke mwingine, hapakuwa na wa kumuuliza ameshindaje.

Mwezi wa nne, mhadhiri wa historia, Daktari Lebopo, alipakia kitabu kizima kuhusu wake wa wachimba migodi walioachwa vijijini. Kilichapishwa mara moja tu, zamani, na maktaba ilibaki na nakala moja iliyonyofoka kurasa. Onalenna akakiondoa. Saa haikupita, Lebopo akaingia bila kubisha.

"Mma Kebadire, mtihani ni baada ya wiki tatu! Wanafunzi mia na arobaini wasome nini, ukuta?"

"Umeomba idhini, Rra?" Hata sasa Onalenna hakuacha kumwita bwana.

"Nimwombe nani? Mwandishi kafa, mchapishaji alishafunga duka!"

"Haki yenyewe haijafa. Kuna mtu anayo."

"Basi mtafute wewe. Si huna mtu mwingine wa kumtafuta?"

Alipoondoka, Onalenna alitoa jalada jipya na kuandika jina la kitabu juu yake.

Akaanza kutafuta. Alipiga simu shuleni alikofundisha marehemu, kisha kanisani kwake, mpaka akaelezwa kwamba mwandishi hakuacha mke wala mtoto, na kwa wosia kila kitu kilikwenda kwa dada yake, Gabaake Rampa, wa kijiji cha Molepolole. Jumamosi akapanda basi.

Mma Rampa, bibi wa miaka themanini na kitu, alikuwa peke yake uani akipepeta mtama. Alisikiliza maelezo yote, ungo umetulia mapajani.

"Bado wanakisoma?"

"Mia na arobaini, Mma, mwaka huu peke yake."

Bibi akatazama pembeni. "Nilikipiga taipu mara tatu, mwanangu. Kaka yangu alikuwa akilala na maneno haya, anaamka na mengine. Vidole vilinivimba. Kitabu kilipotoka, alimshukuru mchungaji, akawashukuru majirani, kidogo amshukuru na mbwa."

"Na wewe?"

"Alisahau. Sikumwambia. Nikamzika hivyo hivyo."

Akaisaini karatasi ya idhini kwa sharti moja: safari hii jina lake liandikwe. Jumatatu Onalenna aliandika yeye mwenyewe kwenye ukurasa wa mbele wa nakala ya mtandaoni kwamba kitabu kimewekwa kwa idhini ya Gabaake Rampa, aliyekipiga taipu mara tatu. Kisha akakiachilia.

Kelele za shangwe zilisikika kutoka darasa la Lebopo. Wanafunzi waliamini ni mhadhiri wao aliyewapigania. Lebopo alimtumia Onalenna ujumbe wa neno moja: Asante. Chumba cha chai kilibaki kama kilivyokuwa.

Jioni ile, kabla ya kufunga ofisi, alimpigia simu Mma Rampa.

"Jina langu lipo?"

"Lipo, Mma. Ukurasa wa kwanza kabisa."

"Vizuri." Kisha bibi akauliza polepole, "Na hakuna karatasi nyingine ya kusaini?"

Haikuwapo. Jalada lilikwishapigwa muhuri na kufungwa, na katika miaka kumi na moja Onalenna hakuwahi kusema uongo juu ya karatasi yoyote.

"Ipo, Mma," akasema. "Nitakuletea Jumamosi."