Vidole vya Mwalimu wa Chekechea

Mwalimu wa chekechea inayotazamana na baraza yetu hapa Kikwajuni ana adui mmoja tu duniani, naye ni kidole. Mtoto akiulizwa mbili na tatu, akathubutu kukunja kidole, sauti inatufikia sisi kabla ya kumfikia yeye: "Nshakwambieni, hesabu iko kichwani! Mikono chini!" Basi watoto wanakalia viganja na kutazama dari, kama kwamba mijusi ndio wenye jibu. Yusra tu ndiye aliyemshinda. Huyo bibi yake kamfunza kuhesabu kwa pingili, kama mwenyewe anavyoleta uradi baada ya sala, kila kidole tatu. Alipoulizwa mkono mmoja una vidole vingapi, akajibu kumi na tano, na hakutetereka.

Juzi mwalimu aliwarejesha kutoka kutembea Mnazi Mmoja, akawapanga mlangoni kuwahesabu kwa macho. Akakosa mmoja. Akarudia, akakosa yule yule mmoja, na jasho likamtoka. Sisi tuliokuwa nyuma yake tukauona mkono ukijificha mgongoni, na kidole gumba kikaanza kutembea taratibu, pingili kwa pingili. Mkono ukaisha, wa pili nao ukaisha, na watoto wangali wamebaki. Yusra alikuwa amechuchumaa huko huko nyuma ya mwalimu, anafunga kiatu. Akainuka, akamnyooshea kiganja.

"Mwalimu, vyako vimekwisha. Chukua vyangu."

Mwalimu akaushika mkono ule bila kugeuka, akahesabu safu nzima iliyo mbele yake mpaka mwisho, na bado akakosa mmoja.