Maneno ya Mwalimu Niliyompa Mwingereza

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mvua imeshika Eldoret tangu asubuhi, nami nimekaa saiba, lile duka la kukodi intaneti, pale mjini, sweta imelowa mabegani, natetemeka. Usidhani ni baridi. Nilikuwa nimedanganya, na mtu wa ng'ambo nisiyemjua hata sura alikuwa ameniomba nimwonyeshe picha ya ukurasa ambao sikuwahi kuuona.

Wacha nianzie mbali kidogo. Nyinyi vijana mnapenda kuambiwa mwisho kwanza, lakini hii ukiikata hutaielewa.

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, karani katika duka la mbegu na mbolea, nikijiona mtu mzima kamili. Saa ya chakula cha mchana wenzangu wakienda kula, mimi nakimbilia saiba. Kulikuwa na kamusi ya Kiingereza mtandaoni ambayo mtu yeyote angeweza kusaidia kuiandika, na kazi niliyoipenda mle ni kutafuta nukuu. Yaani neno likiwa la zamani, lazima uonyeshe nani alilitumia, mwaka gani, kitabu gani, ukurasa upi, ili msomaji ajue halikutungwa jana. Mimi nilishika tamthilia za Waingereza za miaka mia nne iliyopita, zile za wafalme na visasi. Nilizisoma maktaba, nikanakili mistari kwenye daftari, kisha nikaenda kuiingiza. Nilikuwa nimeweka mamia. Mtoto wa kibarua kutoka Bungoma, watu wa Ulaya wananiuliza maswali kwa adabu, si kichwa kilivimba.

Tamthilia hizo nilianza kuzipenda shuleni. Nilisoma shule ya wasichana huko upande wa Kaptagat, mahali pa ukungu, ambapo asubuhi unanawa uso huku unalia. Mwalimu wetu wa fasihi alikuwa Mwalimu Gathogo, mtu mfupi wa koti moja la kijivu, mpole mpaka umkosee. Shule nzima ilikuwa na nakala moja tu ya kitabu cha tamthilia, nayo ni ya Mwalimu mwenyewe. Basi yeye alikuwa akikichapa chote kwa taipureta juu ya stensili, halafu anazungusha ile mashine ya mkono mpaka vidole vinakuwa vyeusi, ili kila msichana apate karatasi zake. Harufu ya wino ule nikiikumbuka hata leo, nasikia moyo ukilegea.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mamangu alifariki likizo ya mwezi wa nne. Nikarudi shule bubu. Mwalimu akanipa sehemu ya malkia aliyefiwa na mwanawe. Kuna mahali malkia anapiga magoti mbele ya meko ya chumba cha mtoto wake, anasema moto umezimika, lakini akitia mkono kwenye majivu bado anasikia joto, analitaja kwa neno moja la kale la Kiingereza, kwa hivyo mtu asithubutu kuyafagia. Nilipofika hapo kwenye mazoezi nililia mbele ya darasa zima, kilio ambacho mazishini kilikuwa kimekataa kutoka. Maana kwetu, shangazi zangu walipotaka kufagia meko ya mama, mimi nilikaa mlangoni pa jikoni nikakataa mtu apite. Nilijiuliza, huyu Mwingereza aliyekufa miaka yote hiyo alijuaje? Swali hilo ndilo lililonifanya nipende vitabu.

Sasa fikiria. Miaka imepita, niko saiba, nakutana na neno lile lile la kale kwenye kamusi, neno la joto linalobaki kwenye majivu, na chini yake hakuna nukuu hata moja. Karatasi zangu za stensili zilikuwa zimeoza zamani na maktaba hawakuwa na kitabu hicho, lakini mistari ile nilikuwa nayo kichwani yote. Nikaiandika. Nikaweka jina la mtunzi, mwaka, kitendo cha nne, onyesho la tatu. Onyesho nililikisia tu. Nikatoka pale nikihisi nimemfanyia mamangu ukumbusho.

Nukuu ile ilikaa karibu miaka miwili, na watu wakainakili kwingine. Kisha mtu mmoja, anayejiita kwa herufi mbili tu, akaniandikia kwamba amepitia chapa mbili za zamani na hayaoni maneno hayo. Je, mimi niliyatoa chapa gani? Hapo ningesema kweli, ingeisha. Lakini niliona aibu. Nikajibu kwamba kitabu ninacho, nikamtajia na ukurasa. Akarudi kwa upole uleule, basi piga picha ukurasa huo ututumie. Akaongeza kwamba nukuu moja ikionekana ni ya kubuni, itabidi zote nilizoweka zitiliwe shaka, na pengine ziondolewe. Kazi yangu ya miaka minne, na jina langu dogo nililolipata kwa shida. Hiyo ndiyo Jumamosi niliyokuwa natetemeka.

Nikatoka kwenye mvua nikaenda mtaa wa West Indies kwa miguu. Mwalimu Gathogo alikuwa amestaafu, ana kiduka cha unga na sukari mbele ya nyumba yake. Alinitambua kabla sijafunga mwavuli. Akanipa kiti, akanimiminia chai, akaniuliza habari za kazi. Nikamweleza nusu tu, kwamba nahitaji kile kitabu chetu cha shule nipige picha ukurasa mmoja.

Akaenda ndani akarudi nacho kimefungwa kwa karatasi ya unga. Nikafungua kitendo cha nne. Onyesho la pili lipo, halafu linafuata la tano. Katikati kurasa zimenyofolewa, vimebaki vipande tu kwenye mshono.

"Mwalimu, hizi kurasa ziko wapi?"

"Kilikuja hivyo hivyo. Nilikirithi kwa padri aliyekuwa akihama." Akaikoroga chai iliyokuwa imeshakorogwa. "Mwaka ule ilibidi hapo katikati niandike mwenyewe."

"Hata yale maneno ya majivu?"

"Nilikuja mazishi ya mamako, Nafula. Wewe hukuniona, lakini mimi nilikuona pale mlangoni pa jikoni. Uliporudi shule hukuwa unasema na mtu. Nikaona nikupe kitu cha kusema."

Mwanangu, nililia tena, katikati ya unga na sukari, mtu mzima mwenye mkoba. Aliniacha nikalia nikamaliza. Halafu nikamwambia ile nusu nyingine, uongo wa ukurasa na picha ninayodaiwa, nikidhani atanionea huruma. Nikamwambia nitaandika kwamba kitabu kimepotea. Nani atajua? Na maneno yake yataendelea kukaa pale pamoja na ya wakubwa, si ni heshima.

Akaweka kikombe chini. Sijamsahau alivyonitazama. "Mimi nilidanganya msichana mmoja ili apone, na mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Wewe unadanganya watu usiowajua ili uonekane msomi. Rudi huko uandike ukweli leo, kabla hawajafunga." Nikasimama. Nilipofika mlangoni akaniita. "Na usinifanye Mwingereza tena."

Nikarudi saiba na viatu vimejaa maji. Niliandika kila kitu, stensili, kurasa zilizonyofolewa, ukurasa niliomtajia bila kuuona. Huyo wa herufi mbili alijibu Jumatatu. Alinishukuru, na kisha, kama alivyosema, yeye na wenzake wakazipitia nukuu zangu zote, moja moja, wiki baada ya wiki. Walipata makosa machache ya kurasa, wakasahihisha, zingine zikabaki. Ile ya majivu ikafutwa. Niliwaomba waiache kwa jina la Mwalimu, wakasema karatasi zilizogawiwa darasani si kitabu ambacho mtu mwingine anaweza kukitafuta akakagua. Walikuwa sawa, na iliniuma bado.

Nilipomweleza Mwalimu, alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe nimekuwa na miaka mia nne kwa miaka miwili tu." Tangu siku hiyo nilikuwa nikipita kwake kila Jumamosi, tunakunywa chai, tunabishana kuhusu vitabu, mpaka alipoondoka. Namkumbuka sana.

Siku ya kumzika nilisimama nikayasema maneno ya malkia, na nilipomaliza nikataja: yameandikwa na Mwalimu Gathogo, Kaptagat, muhula wa pili, kwa ajili ya msichana aliyefiwa na mamake. Baadaye mkewe akanivuta kando, akaomba nimwandikie kwenye karatasi. Miaka yote ya ndoa yao hakuwa amejua kwamba mumewe aliwahi kutunga kitu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Miaka miwili nilikuwa nimechukua kitu cha mzee wa watu, nikampa marehemu tajiri wa sifa asiyekihitaji, na mwenyewe ameketi nyuma ya kaunta akipima sukari.

Kwa hivyo nakuomba hivi, wewe unayeandika huko mtandaoni kila siku. Taja ulichokiona kwa macho yako, na usichokiona sema hujakiona. Kichwa kinaweza kuhifadhi maneno vizuri kabisa na bado kikakosea yametoka wapi. Ukiulizwa na huna jibu, aibu ya kusema sijui huisha jioni ileile, mimi nimejaribu zote mbili. Na kabla hujampa mtu mkubwa sifa ya neno lililokuokoa, rudi ukatafute ni nani hasa aliyekupa. Nenda angali hai, unywe chai yake.

Mungu akulinde, mwanangu, akuwekee watu wa kukupa maneno siku utakayokosa ya kwako. Na siku mtu atakapoyatumia ya kwako, ajue ni yako, akutaje.